Jumamosi Kariakoo, Jumatatu Ofisini: Utangulizi wa Taaluma ya Mapatano, Migogoro na Jinsia Kazini

Ajira yangu ya kwanza niliipata katika ofisi moja ya Dar es Salaam ambayo sina haja ya kuitaja. Afisa utumishi alinisogezea karatasi, kidole kikiwa juu ya tarakimu, akasema, "Mshahara wetu ndiyo huu, dada." Nikasema nashukuru sana, nikatia saini. Wiki ileile aliajiriwa kijana mwingine mwenye cheti kama changu, kazi kama yangu, na meza iliyotazamana na yangu. Yeye alipoonyeshwa tarakimu ileile aliuliza, "Hapo hamna namna?" Kumbe namna ilikuwepo. Nililijua hilo mwisho wa mwezi, printa ilipotoa hati zetu za mshahara zikiwa zimefuatana.

Kilichoniuma hakikuwa fedha peke yake. Siku mbili kabla ya kutia saini nilikuwa Kariakoo kununua viatu vya kuanzia kazi. Muuzaji alianza na elfu thelathini. Nilicheka, nikaviweka chini, nikapiga hatua tatu za kuondoka. Akaniita. Nikarudi, nikamwonyesha mshono ulioanza kuachia. Akaapa kwamba hiyo bei ni ya kutupa. Nikataja kumi, akashika kichwa, tukamalizana kwa kumi na tano. Aliyeniona Jumamosi ile angesema huyu binti hapunjwi. Jumatatu nikawa bubu.

Taaluma ninayokukaribisha inaishi kati ya Jumamosi ile na Jumatatu ile. Inauliza kwa nini mtu yuleyule, mwenye ulimi uleule, anajua kupatana mahali pamoja na hajui mahali pengine. Nani alikwisha kuyapanga mambo kabla hajaketi. Na ugomvi unapozuka kazini, unatokana na tabia za watu au na mpangilio wa viti. Wanauchumi wameichangia, wanasaikolojia, wanasheria, wanaisimu, na watu wa vyama vya wafanyakazi ambao hawakuandika kitabu chochote. Si taaluma ya wanawake, ingawa madarasa yangu hujaa wanawake kila mwaka na wanaume huketi safu ya nyuma karibu na mlango.

Tuanze na maneno, maana Kiswahili kimetupa mtaji mzuri hapa. Mteja na mchuuzi hupatana bei. Ndugu waliogombana nao hupatana. Neno ni hilohilo, na ile -ana ya mwisho inataka watu wawili. Mtu hapatani peke yake. Lugha nyingi ambazo vitabu vya fani hii vimeandikiwa hutenganisha mambo hayo mawili, biashara huku na suluhu kule, kisha waandishi wake hutumia sura nzima kutushawishi kwamba yana uhusiano. Sisi tunaanzia pale wao wanapofikia.

Lakini Kiswahili hichohicho kina mtego. Mtumishi huomba. Huomba likizo hata kama sheria imempa, huomba ruhusa, huomba uhamisho, na barua yake hubeba kichwa cha "YAH: OMBI LA" jambo fulani. Kudai ni neno jingine kabisa: madai huachiwa chama cha walimu kinapozungumzia malimbikizo. Mtu mmoja akidai, huonekana amekosa adabu. Na kama mtu huyo ni mwanamke, hupewa jina: mjuaji, jeuri, ana tamaa. Mwanamume aliyefanya vilevile huambiwa anajitambua. Hapa ndipo inapoingia jinsia. Wataalamu wetu wamezoea kusema jinsi kwa maana ya maumbile, mke au mume, na jinsia kwa maana ya yale ambayo jamii imeyaongeza juu ya maumbile: kazi zake, sauti yake, kiasi anachoruhusiwa kutaka. Hakuna kiungo cha mwili kinachozuia mtu kuuliza "hapo hamna namna?"

Mtu wa kwanza ninayewasomesha wanafunzi ni Mary Parker Follett, Mmarekani wa Massachusetts aliyezaliwa mwaka 1868 na kufariki mwaka 1933. Alifanya kazi miaka mingi na vikundi vya vijana na vituo vya jamii mjini Boston kabla ya wenye viwanda kuanza kumwita awazungumzie. Katika mhadhara wa mwaka 1925 alisema kwamba mgogoro si ugonjwa. Ni tofauti tu, na unaweza kuutumia kama fundi anavyotumia msuguano. Njia za kuumaliza aliziona tatu. Mmoja amshinde mwenzake. Au kila mmoja aachie kidogo, kisha waondoke wote wakiwa na njaa nusu. Au waulizane kwa undani kila mmoja anataka nini hasa, mpaka ipatikane njia ambayo hakuna anayepoteza.

Mfano wake ni wa dirisha. Alikuwa katika chumba kidogo cha maktaba pale Harvard. Mwenzake alitaka dirisha lifunguliwe, yeye alitaka lifungwe. Wakafungua dirisha la chumba cha pili, ambamo hapakuwa na mtu. Mwenzake hakuwa na haja na dirisha lile, alitaka hewa tu. Na Follett hakuwa na ugomvi na hewa. Hakutaka upepo wa kaskazini umpige moja kwa moja.

Nikifundisha mfano huu Dar es Salaam, darasa zima hucheka, maana kila ofisi ina vita vyake vya rimoti ya kiyoyozi. Bwana mwenye suti anashusha mpaka kumi na nane. Mama wa masijala anajifunga kanga mabegani, na mhasibu ana sweta la kudumu juu ya kiti. Inakuwa utani, inakuwa kununiana, siku moja rimoti inapotea. Kwa somo la Follett tungesema waulizane: nani anakaa chini ya tundu la hewa, meza ipi isogezwe. Vizuri. Lakini mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi, Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt, walionyesha kwamba viwango vya joto la ofisi vinavyofuatwa katika majengo mengi vimetokana na hesabu ya miaka ya 1960, na hesabu hiyo ilichukua mwili wa mwanamume wa miaka 40 mwenye kilo 70. Kwa wanawake wengi hesabu hiyo hukadiria kupita kiasi joto ambalo miili yao huzalisha. Kwa hiyo mama wa masijala anapoomba kiyoyozi kipunguzwe anaonekana msumbufu anayetaka kubadili hali ya kawaida, wakati "kawaida" yenyewe ilipimwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Huo ndio moyo wa ninachotaka kukuonyesha. Mazungumzo mengi ya kazini yanakuwa yamekwisha kuamuliwa kwa kiasi kikubwa kabla ya kikao kuanza, na walioamua wala hawajui kwamba waliamua.

Fani yenyewe ilichelewa kuliona hilo, na historia ya kuchelewa kwake inafundisha kuliko ushindi wake. Mwaka 2003 Linda Babcock na Sara Laschever walichapisha kitabu kilichosema, kwa kifupi, kwamba wanawake hawaombi. Babcock alikuwa amewachunguza wahitimu wa shahada ya uzamili wa chuo chake, Carnegie Mellon. Kati ya wanaume, asilimia 57 walijaribu kuongezewa mshahara walioahidiwa. Kati ya wanawake, asilimia 7. Tofauti ya mshahara wa kuanzia ilikuwa asilimia 7.6, karibu dola 4,000. Takwimu hizo zilisambaa kama moto wa nyika. Zikaanzishwa semina: wanawake, jiamini; wanawake, paza sauti. Nami nilihudhuria mbili, nikapewa begi na kalamu.

Kasoro ya semina zile ni kwamba ziliweka tatizo lote ndani ya mdomo wa mwanamke. Na aliyekuja kulikosoa jambo hilo alikuwa Babcock huyohuyo, jambo ninalomheshimia sana. Mwaka 2007, pamoja na Hannah Riley Bowles na Lei Lai, alionyesha kwamba mwanamke anayeomba nyongeza hulipa gharama ambayo mwanamume hailipi, au huilipa kidogo: waliomtathmini hawakutaka sana kufanya kazi naye. Kunyamaza kwangu Jumatatu ile hakukuwa ujinga, basi. Bila kujua, nilikuwa nimepiga hesabu.

Tafiti nyingine zikafuata. Andreas Leibbrandt na John List walitangaza nafasi za kazi nchini Marekani, wakaomba karibu watu 2,500. Tangazo liliponyamaza kuhusu mapatano, wanaume ndio waliojaribu zaidi kupandisha mshahara. Lilipoandika wazi kwamba mshahara unaweza kujadiliwa, tofauti ikatoweka. Sentensi moja tu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Miaka mitatu baadaye Benjamin Artz, Amanda Goodall na Andrew Oswald walipekua taarifa za wafanyakazi wa Australia wakakuta wanawake wanaomba sawa na wanaume. Wanachopungukiwa ni kupewa. Unaona jinsi swali lilivyogeuka? Tulianza kwa kumuuliza mwanamke kwa nini haombi, tukaishia kumuuliza mwenye mkoba.

Kuna pia tafiti zilizoonyesha kwamba mwanamke anayepatana kwa niaba ya mwingine hupunguziwa gharama ile. Hapo nikarudi Kariakoo. Mwanamke sokoni anabana fedha za nyumba, na jamii nzima inamtaka abane. Asipobana ndipo atakaposemwa.

Utafiti mmoja wa fani hii ulifanywa kwetu, na nashangaa ni wachache wanaoufahamu. Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List walitaka kujua kama hamu ya kushindana ni ya maumbile. Walikwenda kwa Wamasai wa Tanzania, jamii ambamo mwanamume ndiye mwenye kauli, na kwa Wakhasi wa kaskazini mashariki mwa India, ambako ukoo hufuatwa kwa mama na mali humwendea binti mdogo. Kila mtu alipewa mpira wa tenisi na ndoo iliyowekwa mita tatu mbele yake, arushe mara 10. Kabla ya kurusha alichagua: alipwe kwa kila mpira utakaoingia, au alipwe mara tatu ya hapo ila tu akimshinda mpinzani asiyemwona. Kwa Wamasai, wanaume asilimia 50 walichagua kushindana, na wanawake asilimia 26. Kwa Wakhasi mambo yaligeuka: wanawake 54, wanaume 39. Ripoti ilitoka mwaka 2009. Ndoo si mshahara, na jamii mbili hazitoshi kuielezea dunia. Hata hivyo, anayesema "wanawake ndivyo walivyoumbwa" sasa ana kazi ya kuwaelezea Wakhasi.

Upande wa migogoro ndiko tuliko na utajiri wetu wenyewe. Mgogoro wa kazini kwetu ni nadra kuanza kwa makelele. Huanza kwa mafumbo. Pwani, kanga imefanya kazi hii zaidi ya miaka mia: jina lake husema kile ambacho mvaaji hawezi kukitamka, na akiulizwa hujibu kwamba ni nguo tu. Siku hizi kijembe kimehamia kwenye status ya WhatsApp, ambayo ina faida ya ziada, kwamba aliyerusha anaona nani ameisoma. Mkuu wa idara anayedhani ofisi yake ina amani kwa kuwa hakuna barua ya malalamiko, angeomba tu aonyeshwe status za Ijumaa jioni.

Aliyelichambua jambo hili kwa karibu ni mwanaanthropolojia Susan Hirsch, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu mahakama za Kadhi za pwani ya Kenya. Hazikuwa kesi za ofisini, zilikuwa za ndoa, lakini mwanafunzi wangu yeyote lazima azijue. Kwa desturi mwanamke mwenye heshima huvumilia na hatoi nje siri za nyumba. Hirsch alikuta wanawake ndio wengi wa wanaofungua mashauri, na mara nyingi hushinda. Silaha yao ni kusimulia: lilianza lini, alisema nini, mtoto alikuwa wapi. Kwa kusimulia wanavunja ile heshima inayowataka wanyamaze, na kwa kusimulia kukohuko wanapata haki.

Sasa ichukue fomu ya malalamiko ya ofisi ya kawaida. Tarehe ya tukio. Maelezo mafupi. Shahidi. Mistari minne. Anayelalamika ana habari iliyoanza miaka mitatu nyuma, kwa utani, kisha kwa safari ya kikazi aliyonyimwa, kisha kwa posho. Tukio halina tarehe moja. Mara nyingi anairudisha fomu ikiwa tupu, na afisa anaandika kwamba hakuna lalamiko.

Kuna mambo mengine nitayagusa kwa haraka hapa kwa sababu yana sura zake mbele. Moja ni kwamba jinsia ya kazi hubadilika. Janet Bujra, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu utumishi wa majumbani Tanzania, anatukumbusha kwamba wakati wa ukoloni kupika, kufua na kupiga pasi kwenye nyumba za watu ilikuwa kazi ya wanaume. Waliitwa "boi" hata wakiwa na mvi. Leo kazi ileile inaitwa ya dada. Na neno dada lenyewe ni sehemu ya mapatano. Akiwa dada, ni mwenzetu, anakula tunachokula; akiulizia mshahara wa miezi miwili, amekosa shukrani.

Jingine ni kazi zisizopandisha cheo. Kikao kinakaribia kuanza, mwenyekiti anatazama huku na huku, na macho yake yanatua: "Dada, tusaidie kuandika muhtasari." Yeye huyohuyo anashika daftari la michango ya msiba, ananunua keki ya mstaafu, anajua chai imekwisha. Timu iliyomjumuisha tena Babcock ilichapisha mwaka 2017 jaribio la watu watatu watatu waliopewa dakika mbili, mmoja wao ajitolee kufanya jambo ambalo kila mtu anatamani lifanywe na mwingine. Wanawake walijitolea zaidi kwa asilimia 48. Lakini walipowekwa wanaume watupu, walijitolea vizuri tu. Kumbe walipokuwa na wanawake walikuwa wakisubiri.

Sheria nayo ni meza. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa jinsia, na mgogoro wa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambako husuluhishwa kwanza kabla ya kuamuliwa. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kupeleka shauri. Siku hizo wengi huzimaliza wakingoja wazee wa ofisi wayamalize kiutu uzima. Ninaipenda suluhu, nimeifundisha nusu ya maisha yangu, lakini kuna mambo ambayo hayapatanwi. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007. Kumketisha binti na bosi wake "wayaongee" ni kumlazimisha apatanie kitu ambacho hakikuwa sokoni. Kenya, sheria ya ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na tamko la maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Tamko hilo mara nyingi limebandikwa ukutani nyuma ya mlango unaobaki wazi mchana kutwa.

Wanaume wa safu ya nyuma, nanyi mmo. Sheria hiyo ya 2004 inampa mama siku 84 za uzazi na baba siku 3. Kenya baba anapata wiki 2. Mwambie bosi unataka kumpeleka mtoto kliniki, usikie: "Kwani mama yake hayupo?" Nimewasikia wahandisi wakisema wanakwenda kushughulikia gari, na gari halina tatizo lolote.

Utaingiaje katika taaluma hii? Wanafunzi wangu, wengi wao wafanyakazi wanaosoma jioni, siku ya kwanza siwapi nadharia. Nawapa wiki mbili na daftari la kurasa 48. Waandike kila kitu kinachoombwa kazini mwao: nani aliomba, alimwomba nani, saa ngapi, mahali gani, kwa neno lipi la kwanza, na alijibiwa nini. Wasihukumu, waandike tu. Wanarudi na mambo ambayo sikuyaona katika kitabu chochote: wanawake wanaomba koridoni na wanaume wanaomba baada ya kikao kwenye maegesho, "nilikuwa naomba" badala ya "naomba", kana kwamba ombi limekwisha kupita, na jibu lile la Kiswahili lisilo ndiyo wala hapana, "tutaona".

Mwaka mmoja alikuja msimamizi wa kampuni ya mabasi, mtu mzima, mpole, mwandishi wa mwandiko mzuri. Daftari lake lilikuwa limejaa maombi ya makarani wa tiketi na wakata tiketi, saa na mahali, kila kitu. Alipofika mezani kwangu hakunipa. Alikaa kimya kidogo, akafungua ukurasa wa katikati ambako alikuwa amepiga vistari vya kuhesabu kwa kalamu nyekundu, akauliza, "Mwalimu, hizi tutaona zangu mwenyewe, nazo nizihesabu?"

Nikamwambia tuanze na hizo.